Rudisheni Ile Ndogo Iliyokuwa Ikiruka

Ibanda, Bukavu
Jumapili, baada ya misa ya pili

Maman mpenzi,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha Papa, kisha bibi yetu Koko, kisha mdogo wangu Bahati. Mgongo wa Koko unasemaje tangu mvua zirudi? Na wewe, kile kikohozi cha moshi kimekuacha? Bahati bado anakataa kwenda shule mpaka abebwe hadi kwenye daraja? Nauliza yote kwa mara moja kwa sababu kwenye simu sipati nafasi. Simu inakaa mfukoni mwa Papa. Akipiga anaongea yeye, halafu anasema, "Maman yako anakusalimia," halafu réseau ya simu inakatika. Tangu shule zifunguliwe sijasikia sauti yako, isipokuwa siku ile ulipomfokea mbuzi nyuma ya Papa. Nilifurahi sana kumsikia mbuzi akifokewa.

Mimi ni mzima. Ninakula, ninasoma, sijaugua. Barua hii nimempa jirani yetu Maman Mapendo, arudi nayo kwenye boti akishamaliza kuuza samaki wenu wadogo, zile sambaza, huku. Nimemwomba aitie mkononi mwako, si kwa mtu mwingine. Usishtuke. Hakuna aliyekufa wala sijafukuzwa shule. Lakini kuna jambo kuhusu frigo ya samaki ambalo unapaswa kulijua upesi, na mimi nimeshindwa kumwambia Papa. Nivumilie kidogo, nikueleze nimelijuaje.

Hapa kwa Tonton, kaka yako, wananitunza vizuri. Asubuhi yeye na mkewe, Tantine, wanaenda ofisini, na binamu zangu wote wako chuo mbali, kwa hiyo nikirudi shuleni nyumba ni yangu peke yangu. Ni nyumba nzuri, ina vigae sakafuni na mapazia mazito. Nina chumba changu. Kule nyumbani nilikuwa nalilia chumba changu, unakumbuka, kwa sababu Bahati alikuwa ananipiga mateke na Koko anakoroma. Sasa ninacho, na usiku nasikia pumzi zangu mwenyewe, nadhani ni mtu mwingine. Jioni nakaa kwenye ngazi za nyuma na kitabu. Ukungu usipokuwepo, ziwa linaonekana katikati ya paa za watu, na mbali kabisa kuna mstari mweusi. Tonton anasema ule ndio mwanzo wa Idjwi, kisiwa chetu. Nautazama mpaka naona haya, kama mtu anayechungulia nyumba ya wengine kwenye dirisha.

Siku yangu ya kwanza hapa nilivua viatu mlangoni, kama ulivyonifundisha, nikaenda jikoni miguu mitupu kumsaidia Tantine. Akaniambia nitoe maziwa kwenye frigo. Nilipoweka tu mkono, akapiga kelele.

"We mutoto! Acha! Vaa sapato kwanza, iyo frigo inalumaka!"

"Inaluma, Tantine?"

"Inaluma batu. Tonton yako ilishamuluma mpaka akatupa sahani ya nyama. Ona ile sapato chini. Iko ya frigo. Haiendake inje."

Kweli, mbele ya frigo kulikuwa na viatu, sapato za plastiki, safi, zimepangwa kama za mgeni wa heshima. Kila mtu wa nyumba hii akitaka maji baridi anazivaa kwanza, anachukua maji, anazivua, anaziacha hapo kwa mwenzake. Mimi nilidhani ndiyo desturi ya watu wa mjini. Nilikuwa nazivaa kwa adabu kabisa, Maman. Sikujua kuwa ile ni dawa ya ugonjwa, umeme unaovuja kwenye bati, ambao hakuna aliyeutibu.

Shuleni, katika section ya électricité, ya umeme, sisi wasichana ni wachache, na mimi ndiye peke yangu niliyetoka kisiwani. Hawana roho mbaya, lakini utani hauishi. Mwenzangu mmoja anayeitwa Dieumerci, mrefu, mwenye sauti kama ya kondakta, aliniuliza mbele ya wote, "Nabintu, kule kwenu ku kisiwa umeme munaifugaka mu chupa?" Mwingine akamjibu kwa niaba yangu, "Hapana, banaivuaka na nyavu, pamoja na sambaza." Darasa zima lilicheka. Na mimi nilicheka, ila nilichelewa, nikawa nacheka peke yangu wakati wao wamekwisha kunyamaza. Nilikuwa na majibu mazuri sana, lakini yalikuja nikiwa njiani kurudi.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Unakumbuka ile Jumamosi Papa aliponipigia akiwa na furaha kubwa. Nadhani ulikuwa karibu. Alisema, "Nabintu! Ule muchezo ya kuruka-ruka imekwisha! Nilitosha inje ile disjoncteur ya dix, nikaweka ya trente-deux. Ya nguvu! Sasa ninapiga chemise pasi, frigo inanguruma, redio inaimba, hakuna kitu inaruka!"

Nikamuuliza ni fundi yupi aliyetoa ile swichi ndogo ya kumi inayokata umeme, akaweka kubwa ya thelathini na mbili.

"Ni mimi! Unafikiri ni weye tu njo fundi mu hii famille?"

Nilicheka, nikamwambia ni vizuri sana. Nilifurahi kwa kweli. Nilikumbuka siku ile umeme uliporuka mkiwa kanisani, mkakuta sambaza zote zimelainika, na wewe ukakaa kwenye jiwe. Nilijua Papa amefanya hivyo ili usikae tena kwenye lile jiwe.

Wiki iliyofuata, Prof wetu wa umeme aliingia darasani akauliza, "Nani kwao iko kitu inaluma? Frigo, réchaud ya kupikia, robinet ya maji, kitu yoyote. Musione haya."

Mikono ilipanda karibu yote. Dieumerci akasema, "Prof, kwetu hata mulango inaluma."

"Mulango ya chuma?"

"Ya chuma. Wageni banabishaka hodi mara moja tu."

Prof naye alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akatuuliza tunafanya nini na vitu hivyo, na wote tukasema: tunavaa sapato. Akasema, "Basi muko na nyoka mu nyumba, na badala ya kumutosha munanunua sapato." Hapo hakucheka tena.

Alitupeleka atelier, chumba cha mazoezi ya kazi. Kuna ukuta ambao amefunga waya, prise za kuchomekea na disjoncteur kama za nyumba ya kweli. Alikuwa na appareil ya kupimia, ya zamani, imefungwa na mkanda wa kubandika. Maman, nitakueleza alichotufundisha kwa njia yangu, kwa sababu nimejaribu kukifikiria kana kwamba nakueleza wewe ukiwa unaosha samaki. Nikiweza kukuambia wewe, nitajua nimeelewa.

Umeme hautoki kwenye turbine ya maji kule kijijini ukaja kwetu ukaishia hapo. Unakuja kwa waya moja na kurudi kwa nyingine, siku zote unarudi ulikotoka. Sasa, tuseme waya ndani ya frigo imechunika, ikagusa bati. Bati lote la frigo linakuwa na umeme, na kwa macho huoni kitu. Ndiyo maana mafundi wa turbine walitufungia ile waya ya tatu, ya terre, ya manjano na kijani. Kazi yake ni kuupa ule umeme uliopotea njia ya kurudi kwao: kutoka kwenye bati, kufuata ile waya mpaka nguzoni, mpaka kwenye turbine, na kuja tena. Hilo duara lote lina jina, boucle de défaut, na kila sehemu yake inaukwaza umeme kidogo: waya nyembamba, waya ndefu, kifundo kilicholegea, kutu. Ukijumlisha ukwazo wote wa duara unapata impédance yake, na hiyo inapimwa kwa ohm. Njia ikikwaza kidogo, umeme unarudi kwa wingi na kwa kishindo. Ikikwaza sana, unarudi kidogo kidogo.

Disjoncteur ni kama sentinelle, mlinzi anayelala langoni. Haamki kwa mtu mmoja anayepita. Anaamka wakipita wengi kwa kishindo, na akiamka anafunga lango hapo hapo, kabla hujapepesa jicho. Zile za aina tuliyo nayo zinataka mara kumi ya namba iliyoandikwa juu yake. Ya kumi inataka ampere mia moja ili ikate papo hapo. Ya thelathini na mbili inataka mia tatu na ishirini.

Prof alipima lile duara la ukutani, appareil ikaonyesha ohm moja na nusu. Akatuambia tugawanye: volti mia mbili na ishirini kwa moja na nusu. Inatoka kama ampere mia moja arobaini na kitu. Akauliza, "Ile ya dix itaamuka?" Tukasema ndiyo, maana mia moja arobaini inazidi mia moja. Kwa ya kumi, duara linaruhusiwa kufika ohm mbili na nukta mbili, si zaidi. Na Prof anasema usifike kwenye mpaka wenyewe, kwa sababu waya ikipata moto inakwaza zaidi.

Halafu, mbele ya macho yetu, alizima, akatoa ile ya kumi, akaweka ya thelathini na mbili. Akauliza taratibu, "Nyumba njo ile ile?"

"Njo ile ile."

"Waya ya terre niliitosha?"

"Hapana."

"Kipimo ilibadilika?"

"Hapana, Prof. Moja na nusu."

"Basi, iko salama?"

Wote wakajibu kwa sauti moja, "Iko salama!"

Mimi nilikuwa nagawanya pembeni ya daftari. Mia mbili na ishirini kwa mia tatu na ishirini. Haifiki hata ohm moja. Haifiki hata robo tatu. Hakuna kilichobadilika kwenye duara, lakini mpaka umeshuka, na kile kipimo kilichokuwa kizuri kwa ya kumi kimekuwa kibaya kwa ya thelathini na mbili. Umeme ule ule utapita kwenye bati, mia moja arobaini na kitu, na sentinelle mpya atageuka upande wa pili aendelee kulala. Baadaye ataamka, waya ikishapata moto, baada ya sekunde kadhaa. Lakini mwenye mkono kwenye bati hana sekunde kadhaa.

Prof alipita nyuma yangu, akasoma nilichoandika, akagonga meza kwa kidole. Hakuwaambia wengine. Sijui kama alijua kwamba wakati ule sikuwa pale tena. Nilikuwa nyumbani. Nilikuona unaingia kwenye chumba cha samaki asubuhi, umevua sapato mlangoni, kwa sababu kwetu hakuna anayeingia na matope ya nje kwenye samaki, hata padri alipokuja alivua. Sakafu ya simenti imelowa, mikono yako imelowa mpaka kwenye kiwiko, Bahati nyuma yako anangoja umpe barafu anyonye. Na mkono wako unakwenda kwenye bati la frigo.

Frigo yetu hailumi, najua. Ndiyo sababu naogopa. Ya Tonton inaluma kila siku, kwa hiyo wanaiogopa, wana sapato zao. Yetu haina dalili yoyote. Itakaa hivyo hivyo mpaka siku waya moja itakapochunika ndani, na siku hiyo ile ndogo ingeruka, na Papa angelalamika, na wewe ungekuwa mzima. Kubwa haitaruka kwa wakati. Na kwetu duara ni refu kuliko lile la ukutani shuleni: nguzo ni nyingi mpaka kwenye turbine, waya ni nyembamba, turbine yenyewe ni ndogo. Sijui kipimo chake ni ngapi. Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyepima tangu walipofunga.

Siku ile nilibaki darasani mpaka wote walipotoka. Nilitaka kumuuliza Prof, nikaanza kufuta ubao ambao haukuwa zamu yangu. Akaniuliza, "Nabintu, nini?" Nikamwambia yote nikiangalia ubao. Hakusema lolote juu ya Papa, na namshukuru kwa hilo. Alisema watu wengi wanafanya hivyo, kwa sababu kitu kinachoruka kila mara kinaonekana kibovu, kumbe ndicho kizima. Akasema tena kwamba hata waya zenyewe za ukutani, ikiwa zilipangwa kwa ya kumi, zinaweza kuungua ndani ya ukuta bila ile kubwa kukata. Halafu akasema, "Uwaambie leo. Usingoje congé ya shule."

Jioni niliomba simu ya Tantine nikapiga. Papa alipokea akiwa kwenye watu, nikasikia vicheko na mtu anapiga ngoma ya mazoezi ya kwaya.

"Nabintu! Iko nini? Uko mugonjwa?"

"Hapana, Papa."

"Shule bamekufukuza?"

"Hapana, Papa."

"Sasa?"

Maman, maneno yote yalikuwepo, nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi mkononi. Nikasikia anawaambia wale watu, "Ni binti yangu, fundi wa umeme," na sauti yake ilivyokuwa, sikuweza. Nitamwambiaje mzee wangu mbele ya watu kwamba kazi aliyoifanya kwa mikono yake inaweza kumuua mke wake? Nikasema, "Nilitaka kusalimia tu." Akafurahi, akanibariki, réseau ikakatika. Tantine akaniuliza mbona nalia. Nikamwambia nimewakumbuka. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Wewe unajua namna ya kumwambia, na saa ya kumwambia. Labda akishakula, Koko akiwa amelala. Usimwambie kwamba alikosea. Mwambie binti yake amesoma jambo jipya, ambalo hata darasa zima halikulijua, na hilo si uongo. Mwambie ile ndogo haikuwa mbovu. Iko kwenye kopo la misumari, namjua Papa, hatupi kitu. Lakini asiifunge mwenyewe. Amwite fundi wa turbine, azime kwanza, aweke ile ya kumi mahali pake, na akaze vile vifundo vya waya ya manjano na kijani, vya kwenye frigo na vya kwenye nguzo.

Ilikuwa inaruka kwa sababu ya pasi. Frigo ikiamka inavuta umeme mwingi kwa mara moja, na pasi nayo ikiwa inavuta, ndogo haivumilii. Kwa hiyo Papa apige chemise zake za kanisani kwa pasi ya makaa, ile ya Koko, au azime frigo kidogo kwanza. Najua atanung'unika. Prof anasema dawa kamili ni disjoncteur différentiel, inayosikia hata umeme mdogo sana ukipotea, na siku moja tutaiweka. Nimemuuliza pia kama ataniazima ile appareil wakati wa congé nije nipime duara letu. Amesema, "Tutaona." Kwake hilo si hapana.

Na mpaka fundi atakapokuja, nakuomba kwa magoti. Tafuta sapato za plastiki, zioshe vizuri, ziwe za chumba cha samaki tu, zisitoke nje. Ukitaka kuosha frigo au kumwaga maji sakafuni, zima kwanza. Na Bahati asiguse kabisa, barafu umpe wewe. Majirani wakikuuliza kwa nini unavaa sapato kwenye samaki, waambie ndivyo wanavyofanya Ibanda. Watakuheshimu.

Sijui kama hofu yangu ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Nikiwa peke yangu hapa kila kitu kinakuwa kikubwa. Huenda waya ndani ya frigo yetu ni nzima na itabaki nzima miaka mingi. Lakini sasa nikikaa kwenye ngazi za nyuma na kutazama ule mstari mweusi, siuoni tena mstari. Naona miguu yako.

Nisalimie Koko, umwambie usingizi wa huku hauna mkoromo na ni mbaya. Nisalimie marraine wangu wa ubatizo, aliyenipa sweta, nalivaa kila asubuhi. Nisalimie mzee wa kwaya, nimeisikia ngoma yake kwenye simu. Nisalimie mafundi wa turbine, na yule mbuzi. Bahati mwambie dada yake anamtunzia kalamu ya rangi nne, ila ataipata akienda shule kwa miguu yake.

Usinijibu kwa barua kama huna nafasi, na usimwombe Papa anipe jibu kwenye simu, maana ataniuliza maswali. Fanya hivi tu. Ile ndogo ikishafungwa, mwache apige pasi siku moja frigo ikiwa imewaka. Itaruka. Atakasirika, atachukua simu yake, atanipigia aseme, "Nabintu, hii kitu yako imeruka tena!" Nitamwambia pole, Papa. Na usiku huo nitalala.

Mtoto wako anayekungoja uvae sapato,

Nabintu